Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Promota na Upangaji Upya wa Jeni za Kipokezi cha Seli T

Maswali yafuatayo nimeyakusanya katika vipindi vya baiolojia hapa Mtwara. Mengi yametoka kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita na wa vyuo vya afya, na mengine kwa wahudumu wa kliniki ambao kila siku husoma majibu ya kipimo cha CD4, lakini hawajawahi kuelezwa kwa Kiswahili jinsi seli hizo zinavyopata kipokezi chake. Maswali mepesi nimeyajibu kwa ufupi, na yale ambayo wengi hukwama nimeyapa nafasi kubwa zaidi.

Kipokezi cha seli T ni nini, na kwa nini jeni zake hupangwa upya?

Seli T ni seli za kinga ambazo asili yake ni uboho wa mifupa, na ambazo hukomaa ndani ya thimasi, tezi iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari. Seli zinazohesabiwa katika kipimo cha CD4 ni aina mojawapo ya seli T. Juu ya ngozi ya kila seli T kuna kipokezi, protini yenye minyororo miwili, ambacho kazi yake ni kutambua vipande vidogo vya protini za virusi, bakteria au seli zilizoharibika. Seli T nyingi hubeba mnyororo wa alfa na wa beta, na chache hubeba gama na delta.

Mwili hauwezi kutunza jeni moja kamili kwa kila adui, kwa sababu jeni zote za binadamu zinazotengeneza protini ni takribani 20,000 tu, ilhali maadui hawana idadi. Kwa hiyo jeni ya kipokezi hurithiwa ikiwa vipandevipande, vinavyoitwa V, D na J, na kila seli changa ndani ya thimasi huchagua kipande kimoja kutoka kila kundi na kuviunganisha. Jeni za beta ziko kwenye kromosomu ya 7 ya binadamu, zikiwa na vipande viwili vya D na 13 vya J, pamoja na V nyingi. Jeni za alfa ziko kwenye kromosomu ya 14, hazina D, lakini zina mlolongo mrefu wa vipande 61 vya J. Kanuni hii ya kukata na kuunganisha ilithibitishwa kwanza kwenye jeni za kingamwili na Susumu Tonegawa, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987, na jeni za kipokezi cha seli T zilianza kupatikana mwaka 1984.

Nani hukata DNA hiyo?

Hukatwa na kimeng'enya kinachoundwa na protini mbili, RAG1 na RAG2, zilizogunduliwa katika maabara ya David Baltimore nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 1989 na 1990. Pembeni mwa kila kipande cha V, D au J pana alama ya kukatia yenye herufi saba, kisha nafasi ya herufi 12 au 23, kisha herufi tisa. RAG hukata pale ambapo alama yenye nafasi ya 12 imekutana na yenye nafasi ya 23, na baada ya hapo vimeng'enya vya kawaida vya kuunga DNA iliyovunjika humalizia kazi.

Kama mkasi, yaani RAG, ni uleule na alama ni zilezile, kwa nini seli B haikati jeni za kipokezi cha seli T?

Swali hili ndilo moyo wa ukurasa huu, na ninafurahi kila linapoulizwa. Seli B, yaani seli za kinga zinazotengeneza kingamwili, zikiwa changa zina RAG1 na RAG2 zilezile. Alama za kukatia kwenye jeni za kingamwili ni za aina ileile na zile za kipokezi cha seli T. Hata hivyo seli B hukamilisha jeni za kingamwili, na seli T hukamilisha jeni za kipokezi chake. Ndani ya seli T yenyewe, beta hukatwa kwanza na alfa baadaye, wala si kwa bahati. Maana yake ni kwamba uamuzi haumo ndani ya mkasi.

Darasani hulionyesha jambo hili kwa vitu vinavyopatikana kila nyumba ya huku kwetu: korosho ghafi ambazo hazijabanguliwa, mshipi wa kuvulia samaki, nyuzi nyekundu na mkasi. Mshipi ni DNA, na korosho ni histoni, yaani protini ambazo DNA huzungushwa juu yake ndani ya kiini cha seli. Nyuzi nyekundu zilizofungwa kwenye mshipi ni alama za kukatia. Mwaka mmoja mwanafunzi wa kidato cha sita aliuzungusha mshipi kwenye korosho kumi na mbili, akaubana vizuri, kisha akajaribu kukata kwenye uzi mwekundu uliojificha katika mpindo wa korosho ya nne. Ncha ya mkasi iliteleza juu ya ganda mara tatu. "Mwalimu, mkasi haupiti," akasema. Nikamwambia, "Legeza hapo tu, mwanangu, usilegeze kote." Akaisukuma korosho ile moja kando, mshipi ukainuka kidogo, na mkasi uleule ukakata mara moja. Korosho nyingine kumi na moja zilibaki zimefungwa kama zilivyokuwa.

Katika seli halisi, anayeisogeza korosho hiyo ni promota, sehemu ya DNA ambapo jeni huanza kunakiliwa kuwa RNA. Mwaka 1985 George Yancopoulos na Frederick Alt walionyesha kwamba vipande vya V vya kingamwili ambavyo bado havijaunganishwa huanza kunakiliwa katika seli changa ambamo vinakaribia kukatwa. Kutokana na hapo ikazaliwa hoja ya ufikikaji: RAG hukata mahali palipofunguliwa, na kufunguliwa huenda sambamba na unakili wa jeni ambayo bado iko vipandevipande. Lazima niongeze tahadhari moja kwa ajili ya wanaopenda kanuni zisizo na dosari: seli T changa nyingi huunganisha D na J za kingamwili kwa sehemu, lakini hazifiki kwenye V. Milango haifungwi yote kwa ukali uleule.

Promota ni nini hasa?

Ni sehemu ya DNA iliyo mwanzoni mwa jeni, ambapo protini za udhibiti hukaa na ambapo kimeng'enya cha unakili huanzia safari yake ya kutengeneza RNA. Wengi huijua promota kama mahali pa kuwashia jeni ili protini ipatikane. Promota tunazozizungumzia hapa huanzisha unakili kabla jeni haijakamilika, na RNA inayotoka haitengenezi kipokezi chochote. Mwanafunzi mzuri ataona hapa ni kama upotevu wa nguvu, na ana haki ya kuuliza kwa nini seli inajisumbua. Faida haimo ndani ya RNA ile, bali katika yale yanayotokea kwa kromatini, yaani DNA pamoja na histoni zake, wakati promota inapofanya kazi.

Kuna ushahidi gani kwamba promota ni sababu, na si dalili tu?

Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka kwenye panya wa maabara na kipande cha kwanza cha D cha beta. Mara tu kabla ya kipande hicho ipo promota inayoitwa PDβ1. Mwaka 1999 ilichapishwa kazi ambamo promota hiyo iliondolewa kwenye kromosomu ya panya. Alama za kukatia ziliachwa na RAG ilikuwepo, lakini uunganishaji wa D ya kwanza na J zake ulipungua sana. D ya pili, iliyo mbali kidogo kwenye kromosomu hiyohiyo na yenye promota yake, iliendelea kama kawaida. Kwangu mimi jaribio hili linatosha kumshawishi mtu yeyote, kwa sababu D ya pili ndiyo shahidi: mkasi ulikuwa mzima, na kilichoharibika ni mlango mmoja.

Vipande vya V navyo vina promota zake. Ilipoondolewa promota ya kipande kimoja cha V cha beta katika panya, kipande hicho kilipungua kutumika, ilhali majirani zake waliendelea kuchaguliwa.

Je, promota na enhansa ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa hushirikiana kwa karibu. Enhansa ni kipande cha DNA kinachokuza nguvu ya promota kutoka mbali. Jeni za beta zina enhansa inayoitwa Eβ, iliyo upande wa mwisho wa eneo zima. Mwaka 1996 makundi mawili ya watafiti yaliiondoa katika panya, na matokeo yalikuwa mazito kuliko ya kuondoa promota moja: uunganishaji wa beta ulikaribia kwisha kabisa kwa D zote mbili, na seli T za alfa na beta hazikukua. Hivyo Eβ hulihudumia eneo pana, na promota huhudumia jirani yake wa karibu.

DNA hujipinda na kufanya kitanzi, Eβ na PDβ1 zikakutana na kushikana kupitia protini zilizokaa juu yake. Enhansa peke yake bila promota haitoshi kuifungua D ya kwanza ipasavyo, na promota bila enhansa hubaki dhaifu.

Promota ikishawashwa, nini hutokea kwenye kromatini?

Hutokea mambo matatu yanayofuatana kwa karibu. Kwanza, promota huita mashine za protini zinazosukuma histoni. Kwenye PDβ1 inajulikana kwamba huitwa mashine ya SWI/SNF, ambayo hutumia nguvu ya ATP kuzisogeza histoni ili DNA ionekane. Pili, histoni zilizo karibu na promota hubandikwa alama za kemikali, na iliyo muhimu zaidi kwetu ni makundi matatu ya methili kwenye lisini ya nne ya histoni H3. Tatu, RAG2 yenyewe ina kidole cha protini kinachoisoma alama hiyo. Kazi zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha kwamba kidole hicho kikiharibiwa, uunganishaji wa jeni hudhoofika, na baadhi ya wagonjwa wenye upungufu mkubwa wa kinga wamekutwa na hitilafu katika sehemu hiyo hiyo ya RAG2.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Alama ile ya methili hukaa hasa karibu na promota zinazofanya kazi. Kwa hiyo promota haifungui mlango tu na kusubiri mkasi upite kwa bahati, bali pia huweka kitu ambacho mkasi hukishika. Mwaka 2010 maabara ya David Schatz ilionyesha kwamba RAG hujikusanya kwa wingi kwenye maeneo machache yaliyo wazi, hasa ya J na D zilizo karibu nayo, na maeneo hayo yakaitwa vituo vya uunganishaji.

Je, ni unakili wenyewe unaofungua DNA, au inatosha promota kuwepo?

Jibu hutofautiana kati ya beta na alfa, na ninawasihi walimu wenzangu wasilifupishe. Kwa D ya kwanza ya beta, kilicho na uzito mkubwa ni mahali promota ilipokaa: ikikaa ubavuni mwa D, D hufunguka, na ikihamishwa mbali, ufanisi hupungua.

Kwa alfa, safari ya unakili yenyewe ina kazi. Watafiti wa maabara ya Michael Krangel, katika Chuo Kikuu cha Duke, waliweka katikati ya mlolongo wa J za alfa kizuizi kinachosimamisha kimeng'enya cha unakili. J zilizo mbele karibu na kizuizi zikapoteza uwezo wa kuunganishwa, ingawa promota ya nyuma ilikuwa ikifanya kazi. Walipofuatilia zaidi waligundua kwamba unakili unaopita juu ya promota ndogo zilizo mbele huzizima, na ukisimamishwa, promota hizo huamka. Kumbe msafara mmoja wa unakili hufungua J na wakati huohuo hunyamazisha milango mingine isifunguke mapema.

Kwa nini alfa ina J nyingi namna hiyo, na promota huzisimamiaje?

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Seli ambayo mnyororo wake wa beta umefaulu hupata nafasi ya kujaribu alfa zaidi ya mara moja. Ikiunganisha V na J na kipokezi kinachotokea hakifai, hukata tena, ikichukua V iliyo nyuma zaidi na J iliyo mbele zaidi, hadi ipate kipokezi kinachokubalika au ife. Ili hili liwezekane, lazima ianze na J za mwanzoni na kusonga mbele kwa utaratibu. Ikiruka mara moja hadi J ya mwisho, itakuwa imetupa J zote za katikati na haitakuwa na pa kurudi.

Utaratibu huo husimamiwa na promota. Mwanzoni mwa mlolongo wa J ipo promota iitwayo TEA, na mbele kidogo ipo nyingine karibu na J namba 49. Hizi ndizo zinazofungua J za mwanzo. TEA ilipoondolewa katika panya, J zilizo karibu nayo ziliacha kutumika, na zile za mbali ziliendelea.

V na J zinapounganishwa, DNA yote iliyokuwa katikati hukatwa na kutolewa, na TEA hutoka nayo. Kwa akili ya haraka mtu angedhani kwamba kazi imekwisha, kwa kuwa promota iliyofungua mlango imetupwa. Lakini V iliyoingia imekuja na promota yake, nayo sasa imekaa kabla tu ya J ambazo hazijatumika. Promota ya V huanza kunakili, ikazifungua J jirani zinazofuata, na kuandaa mkato wa pili. Mkato wa pili huitupa promota hiyo na kuleta nyingine, mbele zaidi. Ni kama wavuvi wa Mikindani wanaopokezana kamba wakati wa kuvuta juya: anayefika mwisho huachia, na mwenzake aliyekwisha kushika huendelea.

Urefu wa maisha ya seli hizo nao una mchango wake. Panya waliokosa protini iitwayo RORγt wana seli changa zinazokufa mapema, na seli hizo hutumia J za mwanzo karibu peke yake, kwa sababu hazikupata muda wa kusonga mbele.

Kwa nini beta hutangulia, na kwa nini seli moja haiwi na beta mbili?

Beta hutangulia kwa sababu Eβ na promota zake huamka katika hatua za awali za thimasi, na enhansa ya alfa hupata nguvu kamili baada ya beta kufaulu. Beta ikifaulu, seli hugawanyika mara nyingi, RAG2 huharibiwa kwa muda, na eneo la V za beta hufungwa ili kromosomu ya pili isijaribu tena. Kufungwa huko hakutegemei promota ya V peke yake.

Je, gama na delta nazo hufuata kanuni hii?

Ndiyo. Kwa gama, ishara hutoka nje ya seli: homoni ya kinga iitwayo intaleukini-7 hugusa kipokezi chake, protini STAT5 huingia kwenye kiini na kukaa kwenye promota za J za gama, na eneo hilo hufunguka. Panya wasio na kipokezi cha intaleukini-7 hawana seli T za gama na delta.

Kwetu sisi wa Mtwara na Lindi seli hizi si habari ya mbali. Aina moja ya seli za gama na delta, yenye V ya 9 ya gama na V ya 2 ya delta, huamshwa na kemikali ya fosfeti inayotengenezwa na vimelea vya malaria, na huongezeka katika damu wakati wa ugonjwa. Promota haikupangwa kwa ajili ya malaria, lakini bila promota hizo V ya 9 isingeungana na J yake.

Kukata huku kukikosea, madhara yake ni yapi?

Yapo ya namna mbili. Mtoto aliyezaliwa na RAG isiyofanya kazi hukosa seli T na seli B, na huugua maambukizi mazito tangu miezi ya mwanzo. Kwa mtoto wa namna hiyo hata chanjo ya BCG, ambayo ina bakteria hai waliodhoofishwa, huweza kusambaa mwilini. Hali hii ni nadra sana, na BCG inabaki kuwa kinga muhimu kwa watoto wetu. Wahudumu ninachowaomba ni kuuliza, kabla ya kuchanja, kama familia imewahi kupoteza watoto wachanga kwa maambukizi yasiyoeleweka, na kumpeleka kwa daktari mtoto mwenye historia hiyo.

Madhara ya pili hutokea pale mlango uliofunguliwa kihalali unapounganishwa na kromosomu isiyo yake. Katika baadhi ya saratani za damu za seli T, eneo la alfa na delta la kromosomu ya 14 hukutwa limeungana na jeni LMO2 ya kromosomu ya 11, au TLX1 ya kromosomu ya 10. Jeni hiyo ngeni hujikuta chini ya vichochezi vya kipokezi cha seli T na kunakiliwa bila kipimo.

Kuna dawa au chakula kinachowasha promota hizi ili CD4 ziongezeke?

Hakuna. Dawa za ARV huongeza CD4 kwa kuizuia VVU isiendelee kuziua, na hivyo mwili hupata nafasi ya kuzijaza tena. Anayekuuzia mizizi kwa madai ya "kuamsha jeni za CD4" anakuuzia maneno, na kibaya zaidi ni pale mgonjwa anapoacha ARV kwa ajili yake.

Vile vipande vya DNA vinavyokatwa na kutupwa huishia wapi?

Ncha zake huunganishwa na kuwa kitanzi kidogo kinachobaki ndani ya seli. Kitanzi kinachofahamika zaidi hutokea pale eneo la delta linapokatwa kabla ya alfa kuunganishwa, nacho huitwa TREC. Hakinakiliwi seli inapogawanyika: seli moja ikizaa mbili, mojawapo hukirithi na nyingine hukikosa. Kwa hiyo damu yenye TREC nyingi ni damu yenye seli T zilizotoka thimasi karibuni.

Katika nchi kadhaa TREC hupimwa kwa watoto wachanga ili kuwagundua mapema waliokosa seli T. Sampuli yenyewe wahudumu wetu wanaifahamu kwa mikono yao, kwa kuwa ni ileile ya DBS wanayoichukua kupima VVU kwa watoto: matone machache kutoka kisigino, yanayodondoshwa kwenye duara za karatasi na kuachwa yakauke.